Maji Hayakazwi kwa Nati

Kuanzia mwaka 1989 hadi 2016, mji wa Tampa katika jimbo la Florida, Marekani, ulikuwa na Tanganyika yake. Ndani ya Busch Gardens, bustani ya burudani iliyojengwa kwa sura ya Afrika ya kubuni, watu waliingia kwenye boti kubwa, wakapandishwa taratibu hadi juu, kisha boti ikaachiwa iporomoke kama mita 17 na kutua bwawani. Ukuta wa maji uliinuka na kuwalowesha hata waliosimama darajani kutazama. Mchezo ule uliitwa Tanganyika Tidal Wave, wimbi la Tanganyika. Bustani hiyohiyo ilijenga pia mfereji wa mitumbwi uliopewa jina la Stanley Falls, jina la kikoloni la maporomoko ya Boyoma kule Kisangani, na mto wa vyelezo ulioitwa Congo River Rapids. Mwaka 2016 Tanganyika hiyo ilifungwa. Miaka mitatu baadaye, mahali pake pakafunguliwa rolakosta ya chuma iitwayo Tigris. Maji yalitoka, reli ikaingia.

Hayo hayakutokea Tampa peke yake. Kule Uingereza, bustani ya Alton Towers ilikuwa na mfereji wa mitumbwi tangu 1981. Ulifungwa mwaka 2015, na 2018 mahali pake pakasimama Wicker Man, rolakosta ya mbao. Thorpe Park, karibu na London, ilikuwa na Loggers Leap tangu 1989. Nayo iliacha kubeba watu mwaka 2015, ikabaki imesimama bila kazi kwa miaka, hadi ilipopisha rolakosta ya Hyperia iliyofunguliwa 2024. Kennywood, karibu na Pittsburgh, iliifunga Log Jammer mwaka 2017 baada ya miaka 42, na 2019 ikafungua Steel Curtain. Cedar Point ya Ohio iliondoa White Water Landing baada ya msimu wa 2005, ikaweka Maverick mwaka 2007. Bara ni jingine, mwenye mali ni mwingine, lakini hadithi ni ileile.

Sababu zinazotangazwa siku ya kufunga huwa fupi: mchezo umezeeka, wageni wanataka kitu kipya, asanteni kwa kumbukumbu. Sikubaliani na neno hilo la uzee. Katika Kennywood hiyohiyo iliyoiona Log Jammer imechakaa kwa miaka 42, kuna rolakosta ya mbao ya Jack Rabbit iliyojengwa mwaka 1920, na bado inabeba watu. Kuna hata mchezo wa maji wenye umri mkubwa zaidi, Old Mill wa mwaka 1901, ambamo boti huelea polepole ndani ya handaki lenye giza. Kwa hiyo si umri, na wala si maji kwa kuwa ni maji. Old Mill haipandishi mto wake juu ya kilima. Maji yake yanazunguka palepale, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Log Jammer ililazimika kuyainua maji yake, kuyamwaga, na kuyainua tena, mchana kutwa, kwa miongo minne. Hapo ndipo penye ugonjwa unaoua michezo hii: kuyapandisha maji, na kutegemea kwamba yatakuwa pale yanapotakiwa kuwa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1884, pale Rock Island katika jimbo la Illinois, watu walianza kuteremka kwa boti kwenye mteremko wa mbao hadi mtoni. Kapteni Paul Boyton, mwogeleaji mashuhuri wa enzi zile, aliupeleka mchezo huo Chicago mwaka 1894, kisha Coney Island, New York, mwaka 1895, ndani ya bustani aliyoizungushia ua na kutoza kiingilio. Kwa sehemu kubwa walitumia mto au bwawa lililokuwepo. Mageuzi yalikuja mwaka 1963, kampuni ya Arrow Development ilipojenga El Aserradero huko Six Flags Over Texas: mfereji ulioinuliwa juu ya nguzo, mitumbwi yenye sura ya magogo, na pampu. Mwaka 1980, AstroWorld ya Houston ikafungua Thunder River, mto wa kutengenezwa ambao vyelezo vya duara huelea vikizunguka na kugongana na kingo. Tangu hapo kila bustani kubwa ilitaka mto wake.

Ili kuelewa kwa nini mito hiyo inakauka sasa, lazima tuingie kwenye chumba cha pampu.

Rolakosta huinua kitu kimoja: gari lenye tani chache, mara moja kwa kila safari. Likishafika juu, mvutano wa dunia unamaliza kazi, na mota inapumzika. Mto wa kutengenezwa hauna mapumziko. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Kuinua tani moja kwa mita tano, kila sekunde, kunahitaji kilowati 49 hata kama pampu haipotezi nguvu yoyote, na pampu zote hupoteza. Mto wa vyelezo hauendeshwi na mita moja ya ujazo kwa sekunde, unahitaji kadhaa. Umeme huo unatumika chelezo kikiwa na watu tisa, kikiwa kitupu, na hata foleni ikiwa haina mtu. Jioni pampu zikizimwa, mto wote unateremka na kujikusanya kwenye bwawa la chini. Asubuhi unaanza kupandishwa upya, na hakuna anayeruhusiwa kupanda mpaka kina kifikie alama.

Alama hiyo ya kina ndiyo moyo wa jambo. Kwenye rolakosta, gari hukamatwa na reli kwa magurudumu ya juu, ya pembeni na ya chini. Fundi anaweza kulitikisa kwa mkono na kujua limekaa sawa. Mtumbwi hauna kinachoushika hivyo. Reli yake ni maji, na maji hayakazwi kwa nati. Yakipungua kwa kiasi kidogo, mtumbwi unakwaruza sakafu. Yakizidi, unapita juu ya kizuizi kilichokusudiwa kuuongoza. Watu wazito wakikaa upande mmoja, unalala. Ganda lake la faiba likipata ufa, maji huingia ndani polepole, na chombo kilichoelea vizuri mwezi Juni kinazama kidogo zaidi mwezi Agosti bila mtu kuona tofauti. Agosti 2020, mtumbwi mmoja wa Splash Mountain, mchezo wa Disney huko Florida, ulizama kabisa muda mfupi baada ya abiria wake kushuka, mbele ya macho yao.

Breki nazo ni shida. Rolakosta hugawanywa katika vipande, na kila mwisho wa kipande kuna breki inayoweza kulishika gari ikiwa lililo mbele halijaondoka. Chelezo kinachoelea mtoni hakina breki. Kinaweza kuzuiwa kwenye lango au kwenye mkanda wa kukipandisha, basi. Kikishaachiwa, kinakuja, hata kama kituoni kuna balaa.

Juu ya hayo yote kuna kalenda. Pennsylvania, Ohio na Uingereza ya kati zina miezi mitatu au minne tu ambayo mtu mwenye akili timamu atalipa ili aloweshwe. Bustani nyingi za huko zimejifunza kuvuna fedha mwezi Oktoba, kwa sherehe za usiku za kutishana. Rolakosta hufanya kazi hadi saa za mwisho za usiku huo. Mto unasimama pembeni, umekaushwa, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye nyufa za zege yakiganda hutanuka na kuzipasua. Ukiweka hesabu hizo mbele ya mkurugenzi wa fedha, eneo kubwa la ardhi, mapato ya robo mwaka, gharama za mwaka mzima, anajua atakachokata. Waswahili husema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliyejenga mto wa kutengenezwa anayaoga kila siku, kiangazi na masika.

Na hata kufunga kuna gharama yake. Pale Magic Kingdom, Florida, Disney ilifungua mwaka 1971 safari ya nyambizi, 20,000 Leagues Under the Sea, kwenye ziwa la kuchimbwa lenye maji zaidi ya lita milioni 40. Ilifungwa Septemba 1994. Ziwa likabaki. Kwa miaka kumi wageni walipita kando yake, katikati ya bustani iliyotembelewa kuliko nyingi duniani, bila safari yoyote ndani yake, hadi lilipokaushwa mwaka 2004. Universal Studios ya Orlando nayo ilifungua Jaws mwaka 1990 ikiwa na papa wa chuma waliotakiwa kuibuka na kuzama majini siku nzima. Mitambo ilisumbua kiasi kwamba mchezo ulifungwa, ukajengwa upya, na kurudi mwaka 1993. Ukadumu hadi Januari 2012. Mashine iliyozamishwa huchakaa mahali ambapo fundi hawezi kuona bila kuvaa gia ya kupiga mbizi.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye rolakosta halipo kabisa: maji ni makazi. Mwaka 1998, kwenye bustani ya maji karibu na Atlanta, watu 26 waliugua kwa bakteria aina ya E. coli O157, na mtoto mmoja akafa. Mwaka 2016 lilitokea la kufikirisha zaidi. Kituo cha taifa cha michezo ya mitoni huko Charlotte, North Carolina, kina mito ya zege inayozungushwa kwa pampu, na watu huteremka humo kwa vyelezo vya mpira. Kijana mmoja aliyekuwa ametembelea kituo hicho alifariki kwa amiba aitwaye Naegleria fowleri, anayeingia kupitia puani na kushambulia ubongo. Wachunguzi wa serikali walichukua sampuli 11 za maji pale, na zote 11 zilikuwa naye. Kituo kilikuwa kikitia klorini na kutumia mwanga wa urujuanimno. Tatizo lilikuwa tope na uchafu: klorini iliishia kupambana na takataka kabla ya kumfikia mdudu, na mwanga haukupenya. Mito ile ilifungwa wiki kadhaa kabla ya kuruhusiwa tena.

Hilo ndilo fumbo la wajenzi. Ili mto wa kutengenezwa uonekane kama mto wa kweli wanautia rangi ya udongo, mawe na mimea. Lakini kadiri unavyofanana na mto wa kweli, ndivyo unavyokuwa mgumu kusafishwa, na ndivyo mlinzi anavyoshindwa kumwona aliyezama.

Sasa nije kwenye habari ambayo kila anayemiliki pampu na kukata tiketi anapaswa kuijua kwa undani.

Tarehe 25 Oktoba 2016, katika bustani ya Dreamworld, Gold Coast, Australia, mchezo wa Thunder River Rapids ulikuwa unabeba watu kama ulivyofanya tangu Desemba 1986. Ulikuwa mchezo wa familia: vyelezo vya duara, mwendo wa wastani, mwisho wake mkanda wa kukipandisha chelezo hadi kituoni. Mto ulitegemea pampu mbili kubwa. Siku hiyo pampu moja ilikuwa imezimika mara mbili, na mara zote mbili mchezo ukawashwa tena. Baada ya saa nane mchana ikazimika mara ya tatu. Kina cha maji kikaanguka haraka. Chelezo kimoja, kisicho na watu, kikakalia vyuma vilivyo chini ya maji karibu na kichwa cha mkanda, kikakwama. Nyuma yake mkanda ulikuwa unaleta kingine, chenye watu sita. Kikakigonga cha mbele, kikasimama wima, na mkanda ukaendelea kuvuta. Watu wazima wanne wakafa. Watoto wawili waliokuwamo wakanusurika.

Mchunguzi wa vifo, James McDougall, alitoa ripoti yake Februari 2020, na ukiisoma unabaki umeshika kichwa. Katika miaka 30 ya mchezo huo, hapakuwahi kufanyika tathmini kamili ya kihandisi ya hatari zake. Mbao za mkanda zilikuwa zimeondolewa baadhi, zikaacha mapengo mapana. Mwaka 2001 vyelezo vitupu vilikuwa vimegongana na kupinduka mahali palepale. Hapakuwa na kifaa cha kuhisi kwamba maji yamepungua na kuusimamisha mkanda chenyewe. Kifaa hicho kilijulikana na kilipatikana kwa dola elfu chache tu. Badala yake, mfanyakazi alitakiwa kutazama alama ya maji ukutani kwa macho, huku akipakia watu, akishusha watu, akiangalia taa na kutuma vyelezo. Karibu na mahali pa kushukia palikuwa na kitufe ambacho kingeusimamisha mkanda ndani ya sekunde mbili. Mfanyakazi aliyekuwa karibu nacho alifundishwa kazi ile asubuhi ya siku hiyohiyo, na hakuwa ameelezwa kitufe hicho kinafanya nini hasa.

Kampuni mama, Ardent Leisure, ilikiri makosa mahakamani na Septemba 2020 ikatozwa faini ya dola za Australia milioni 3.6. Mchezo ulibomolewa. Serikali ya Queensland ilibadilisha sheria: tangu 2019 mashine kubwa za burudani zinatakiwa kukaguliwa kwa kina kila baada ya miaka kumi, kuwa na daftari la kumbukumbu za matengenezo, na kuendeshwa na watu waliothibitishwa kuwa wanaweza.

Nimekaa na habari hii kwa sababu inapindua tunavyofikiria hatari. Mzazi akiingia bustanini huogopa kile kirefu, chenye kelele, kinachowapindua watu vichwa chini. Anawaruhusu watoto kwenye mto. Lakini angalia orodha. Ule wa Dreamworld ulikuwa mto wa familia. Mei 2017, kule Drayton Manor katikati ya Uingereza, msichana wa miaka 11 alianguka kutoka kwenye chelezo cha Splash Canyon. Aliangukia maji mafupi, akajaribu kujiokoa, kisha akaingia sehemu yenye kina kirefu na kufa. Wasimamizi walikuwa wanajua kwamba abiria husimama ovyo ndani ya vyelezo, na kamera hazikuwaonyesha wafanyakazi mto mzima. Faini ya pauni milioni moja ilitolewa mwaka 2022, wakati bustani ilikwisha kuuzwa kwa wengine na kampuni ya awali iko mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Julai 2021, katika bustani ya Adventureland jimboni Iowa, chelezo cha mchezo wa Raging River kilipinduka kikiwa na watu sita wa familia moja, na mtoto wa miaka 11 akafa.  Michezo yote mitatu ilikuwa ya upole.

Sababu yake iko kwenye ule upole wenyewe. Rolakosta inatisha, kwa hiyo mhandisi, mkaguzi, bima na mwendeshaji wote huiogopa. Mtu hufungwa mkanda, na mashine haitaondoka mkanda usipofunga. Mto wa vyelezo unaonekana kama bwawa la kuogelea linalotembea. Watu wanakaa bila kufungwa au wamefungwa kidogo, kwa sababu chelezo kikipinduka mkanda nao unaweza kumshikilia mtu chini ya maji. Hofu inapopungua, ukaguzi nao unapungua.

Upo mfano wa kinyume, na sitauficha. Verrückt, mteremko wa maji wa Schlitterbahn huko Kansas City, ulifunguliwa Julai 2014 ukiwa na urefu wa zaidi ya mita 51, mrefu kuliko yote duniani. Watu watatu walikaa kwenye chelezo cha mpira, wakashuka, kisha wakapandishwa juu ya kilima cha pili. Agosti 2016 chelezo kiliruka juu ya kilima hicho na mvulana wa miaka 10 akafa papo hapo. Mchezo ule ulitisha tangu siku ya kwanza, kwa hiyo upole haukuwa sababu. Kilichokosekana ni mtu wa nje wa kusema hapana. Sheria ya Kansas wakati huo iliwaachia wenye bustani kazi ya kupanga ukaguzi wao wenyewe. Ilirekebishwa mwaka 2017, na mteremko ukabomolewa 2018. Mashtaka ya jinai yaliyofunguliwa yalifutwa mwaka 2019.

Kwa hiyo ninaposikia mashabiki wakilia kwamba bustani zinaua urithi kwa kufunga michezo ya maji, nawaelewa, lakini siungani nao kila mara. Cedar Point ilifungua Shoot the Rapids mwaka 2010. Julai 2013 boti moja ilirudi nyuma kutoka kwenye mteremko wa kupandia na kupinduka, watu saba wakaumia. Mwishoni mwa 2015 ikafungwa kabisa, kabla haijatimiza miaka sita. Kuna waliouita uamuzi huo hasara. Mimi nauita uamuzi wa watu waliosoma daftari lao la matengenezo wakaamini walichokisoma.

Ninachokilaumu ni kufunga kwa sababu ya uvivu wa kutunza, kisha kutuambia kwamba wageni hawataki tena. Wageni wanataka. Ushahidi mkubwa ni Splash Mountain. Ilifunguliwa Disneyland ya California mwaka 1989, kisha Tokyo na Florida mwaka 1992. Ilitegemea filamu ya Song of the South ya mwaka 1946, ambayo kwa miongo mingi imelaumiwa kwa namna inavyowachora watu weusi wa Marekani baada ya utumwa. Juni 2020 Disney ilitangaza kwamba itaiondoa hadithi hiyo. Michezo miwili ya Marekani ilifungwa mwaka 2023, na mwaka 2024 ikarudi kwa jina la Tiana's Bayou Adventure, ikiwa na binti wa kwanza wa kifalme mweusi katika filamu za Disney. Walibadilisha nyimbo, sanamu na mandhari. Mfereji, mteremko mkubwa na maji vilibaki. Kampuni yenye uwezo wa kujenga chochote iliamua kubaki na kitu kigumu kuliko vyote kukitunza, kwa sababu foleni yake haikuwahi kukauka. Na kampuni hiyohiyo, Julai 2025, iliufunga mto wa Rivers of America wa Florida, pamoja na meli yake ya magurudumu, baada ya zaidi ya miaka 50, ili kujenga eneo la filamu ya Cars. Mto ule haukuwa hatari wala haukuwa umeshindwa. Ulichukua nafasi tu. Hapo wenye huzuni wana haki yao, nami ni mmoja wao. Mahali pa kukaa kando ya maji, bila kupiga foleni, pamepungua.

Kwetu Afrika Mashariki mito ya kutengenezwa ya namna hiyo si ya kawaida, lakini miteremko ya maji ipo, na inaongezeka. Kunduchi Wet 'n' Wild, kaskazini mwa Dar es Salaam, imelea vizazi vya watoto wa shule. Hoteli na viwanja vya Mombasa, Nairobi na Zanzibar vina mabomba yao ya rangi. Pwani hatuna tatizo la barafu, na joto ni la mwaka mzima. Tatizo letu ni lile la pampu. Mteremko wa maji hautelezi kwa uzuri wa plastiki, unateleza kwa utando mwembamba wa maji unaosukumwa juu bila kukoma. Tanzania ilipita kwenye mgao wa umeme mwaka 2023, na hata bila mgao, kila mwenyeji anajua umeme hukatika bila hodi. Jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika. Katika sekunde hizo mtoto aliye katikati ya bomba anakwama kwenye plastiki iliyokauka, na aliye nyuma yake ameshaachiwa. Klorini nayo haisubiri: pampu ikilala, mzunguko wa kusafisha unalala.

Sheria hatukosi. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya 2007. Zote zinawalinda pia wasio wafanyakazi, maana yake hata mtoto aliyekata tiketi. Ninachoomba ni kidogo na kinaeleweka. Kila mahali penye pampu na abiria pawe na kifaa kinachosimamisha mchezo chenyewe kina kinapopungua. Pawe na daftari la pampu linaloandikwa kila siku, na mkaguzi alisome. Na pawe na kanuni kwamba pampu ikizimika mara mbili kwa siku moja, mchezo umefungwa hadi fundi aeleze sababu kwa maandishi.

Nawe msomaji, ukiwapeleka watoto Jumamosi, tazama juu ya ngazi. Uliza nani anayemruhusu mtu wa pili kushuka, na anajuaje kwamba wa kwanza ameshatoka. Uliza kitufe cha kusimamisha kiko wapi. Na ukifika ukakuta kamba imefungwa, maji yamesimama, na kijana wa pale anakuambia samahani, leo mchezo huu haufanyi kazi, usimgombeze wala usimwite meneja. Mshukuru, uwapeleke watoto kwenye bwawa la kawaida.